Kuburuta Bloku au Kuandika Msimbo? Ulinganisho kwa Anayetaka Kutengeneza Gemu Yake ya Kwanza

Kila anayetaka kutengeneza gemu hufika kwenye njia panda hiyohiyo. Upande mmoja kuna programu kama Scratch, GDevelop na Construct, ambako unaburuta vipande kwa kipanya au kidole, unavipanga, na mhusika wako anaanza kuruka jioni hiyohiyo. Upande wa pili kuna lugha kama Python, Lua, C# na GDScript. Huko unaandika mstari kwa mstari, na jioni ya kwanza inaweza kuisha huku skrini ikionyesha mraba mmoja tu unaosogea kushoto na kulia. Wanaoburuta huambiwa kwamba hawajui kitu, wanaoandika huambiwa kwamba wanajitesa bure, na anayetaka kuamua habebi lolote kutoka kwenye mabishano hayo.

Hapa nawaza watu wa aina kadhaa: kijana aliyemaliza kidato cha nne na amepata laptopu ya mtumba, mwalimu mwenye darasa lililojaa na kompyuta chache, mchoraji ambaye wahusika wake wameshakamilika kwenye karatasi, na mfanyakazi anayepata nafasi usiku tu watoto wakishalala. Jibu lao haliwezi kuwa moja.

Kabla ya kulinganisha, kuna jambo nataka lieleweke vizuri, kwa sababu wengi huchagua vibaya kwa kulikosa. Ukisema "bodaboda ikigonga shimo, punguza maisha moja, maisha yakifika sifuri, gemu iishe", tayari umeprogramu. Umeisema kwa bloku au kwa herufi, hilo ni suala la pili. Kwa hiyo usichague kuburuta kwa matumaini ya kukwepa kufikiri kwa mpangilio, maana hakuna njia inayokwepa hilo. Tofauti kubwa iko kwenye wakati ugumu unapokukuta. Ukiandika msimbo, ugumu unakupokea mlangoni, siku ya kwanza, ukiwa bado hujui kama kazi hii unaipenda. Ukiburuta, unaingia kirahisi, na ugumu unakungoja mbele gemu inapokuwa kubwa. Karibu kila kigezo kitakachofuata kinarudi hapo.

Nitazipima njia zote mbili kwa mambo haya: kifaa na bando, muda wa kufikia kitu kinachochezeka, aina ya gemu unayoitaka, hali ya kazi mradi unapokua, lugha na msaada, fedha na leseni, na mwisho kile kinachobaki mkononi mwako siku ukiihama zana.

Kifaa na bando

Nimekiweka kwanza kwa sababu kwetu huamua mambo mengi kabla kipaji hakijapata nafasi ya kusema.

Kwa upande wa kuburuta, Scratch na Construct 3 hufunguka ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Scratch ina pia toleo la kusakinisha, ambalo ukishalipakua unafanya kazi bila intaneti kabisa. Kwa shule ambayo bando linatoka mfukoni mwa mwalimu, hilo ni jambo kubwa. GDevelop ipo kwa kompyuta, kwa kivinjari na kwa simu za Android. Mwenye simu janja peke yake anaweza kuanza leo na akamaliza gemu ndogo, ingawa kidole kikifunika robo ya skrini kazi huenda polepole.

Kwa upande wa kuandika, tofauti kati ya zana na zana ni kubwa mno, kwa hiyo usimsikilize anayesema "kuprogramu gemu kunahitaji mashine kubwa" bila kutaja ni zana gani. Python pamoja na maktaba ya Pygame, au LÖVE inayotumia lugha ya Lua, zinakwenda vizuri kwenye laptopu ya zamani. Godot, injini (yaani programu ya kutengenezea gemu) inayotumia GDScript, yenyewe haifiki MB 200, na huhitaji hata kuisakinisha: unafungua faili la zip, unabofya, unaanza. Ila jiandae na kitu ambacho wanaoanza hawaambiwi mapema. Siku ya kuigeuza kazi yako iwe gemu inayojitegemea, Godot itakuomba faili la templeti lenye takribani GB 1, na ukitaka iende kwenye simu za Android utahitaji pia Android SDK na Java, vifaa vya kutengenezea programu za Android. Nunua bando la usiku kwa ajili hiyo. Na kama laptopu yako ina kadi ya picha ya zamani, unapofungua mradi mpya chagua mfumo wa kuchora unaoitwa Compatibility. Ule unaoitwa Forward+ unategemea teknolojia mpya za kuchora picha kama Vulkan, ambazo mashine nyingi za mtumba hazina, na utadhani Godot ni mbovu kumbe ni mpangilio tu.

Unity na Unreal, injini kubwa za gemu, hula gigabaiti nyingi tangu kupakua. Mwenye RAM ya GB 4 aziache kwanza.

Kuandika msimbo kwenye simu kunawezekana, na Godot ina toleo la Android. Lakini kutafuta mabano, nukta pacha na alama ya chini kwenye kibodi ya simu huchosha haraka. Kama simu ndiyo kifaa chako pekee, kuburuta kunakufaa zaidi kwa sasa.

Muda mpaka kitu kicheze

Hapa kuburuta kuko mbele, na sioni sababu ya kulizungusha. GDevelop na Construct zina tabia zilizotengenezwa tayari: unamwambia mhusika kwamba yeye ni wa kuruka kwenye majukwaa, na papo hapo mvuto wa ardhi, kasi na mruko vinafanya kazi. Unabaki kurekebisha namba. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuonyesha kitu mwisho wa kipindi.

Anayeandika atatumia siku za kwanza kujifunza vigeu (majina yanayohifadhi thamani), masharti, vitanzi (amri zinazojirudia) na namna skrini inavyochorwa upya mara nyingi kwa sekunde. Injini kama Godot hupunguza safari hiyo, kwa sababu mhusika wa kuruka huja na kiolezo cha msimbo ulio tayari. Hata hivyo, bila subira ya wiki kadhaa, wengi huishia njiani. Aliyevumilia hupata kitu ambacho aliyeburuta hakipati mapema: anajua ndani ya mruko ule kuna nini, na siku akitaka mhusika ashike ukuta au aruke mara mbili angani, anajua pa kugusa.

Aina ya gemu unayoitaka

Ukiniruhusu kukuuliza swali moja tu, nitakuuliza hili. Gemu yako inaendeshwa na migongano, au inaendeshwa na kanuni?

Chukua gemu ya bodaboda anayekwepa mashimo na daladala kwenye barabara ya vumbi, huku akiokota abiria. Karibu kila kinachotokea humo ni vitu viwili kugusana. Kwenye karatasi ya matukio ya GDevelop utaweka sharti upande wa kushoto, bodaboda inagongana na shimo, na upande wa kulia utaweka vitendo: punguza 1 kwenye maisha, cheza sauti, tikisa kamera. Mstari unaofuata ni abiria, unaofuata ni daladala. Anayepita nyuma yako anasoma na kuelewa bila kuelezwa. Kwa gemu ya namna hii, anayeandika msimbo hana faida kubwa juu yako, na pengine utamtangulia kumaliza.

Sasa chukua bao la Kiswahili. Mashimo 32, safu nne za mashimo manane, kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete kumi ubaoni, sita zikiwa kwenye shimo maalumu liitwalo nyumba na mbilimbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 zimebaki ghalani. Kuna hatua ya kunamua, ambapo unaingiza kete moja moja kutoka ghalani, kisha hatua ya mtaji. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, na mkabala wake mpinzani ana kete, unakula. Ulichokula kinaanza kusambazwa upya kutoka kichwani, yaani shimo la mwisho la safu, na mkono unaweza kuendelea kwa muda mrefu kabla haujalala. Nyumba ina masharti yake peke yake. Hakuna kitu kinachogongana humo. Kuna hesabu na kanuni juu ya kanuni.

Kwenye Godot, moyo wa kusambaza kete ni huu:

```
func sambaza(shimo, mwelekeo):
    var kete = bao[shimo]
    bao[shimo] = 0
    while kete > 0:
        shimo = posmod(shimo + mwelekeo, 16)
        bao[shimo] += 1
        kete -= 1
    return shimo
```

Mashimo 16 ya mchezaji mmoja yamewekwa kwenye orodha moja iliyofungwa duara. Mwelekeo ni 1 au -1, kulia au kushoto. Mwisho inakurudishia shimo ilipoangukia kete ya mwisho, na hapo ndipo unapoanza kuuliza maswali ya kula au kulala. Mistari michache imemaliza kazi, na kila kanuni inayofuata inaiita hii bila kuiandika tena.

Kwenye bloku unaweza kufanya hivyohivyo. Scratch ina orodha, vitanzi na bloku za kujitungia. Lakini utaburuta bloku ndani ya bloku ndani ya bloku, na ukifika kwenye masharti ya nyumba skrini itakuwa imejaa mnyororo mrefu ambao lazima uusogeze juu na chini ili kukumbuka ulichoanza nacho. Halafu ukitaka kompyuta icheze dhidi yako, ijaribu kila mkono unaowezekana na kuchagua ulio bora, kuburuta kutakuwa kazi ya kukata tamaa, hali mwandishi wa msimbo ataunakili ubao, atausambaza, atahesabu, atarudia.

Mifano ya dunia inaelekea hukohuko. Five Nights at Freddy's ya mwaka 2014, gemu ya kutisha iliyojaa matukio ya "hiki kikitokea, fanya kile", ilitengenezwa na Scott Cawthon kwa Clickteam Fusion, zana ya kupanga matukio kwa kipanya. To the Moon ya mwaka 2011, ambayo nguvu yake ni hadithi, ilitoka kwenye RPG Maker, zana nyingine ya kupanga matukio. Kwa upande wa pili Balatro ya mwaka 2024, gemu ya karata iliyojaa kanuni zinazobadilishana zenyewe kwa zenyewe, iliandikwa kwa Lua kwenye LÖVE na mtu mmoja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Baba Is You ya Arvi Teikari wa Finland, iliyotoka 2019. Ilijengwa kwenye zana ya kuburuta matukio ya ukoo uleule wa Clickteam, lakini pale penye kanuni ngumu za fumbo aliandika Lua. Alichagua kila kitu mahali kinapofaa.

Mradi unapokua

Sasa tufike kwenye ule ugumu unaongoja mbele.

Karatasi ya matukio yenye mistari thelathini inapendeza. Ikifika mia tatu, mambo hubadilika. Kutafuta ni wapi maisha yanapunguzwa kimakosa kunakuwa kazi ya jioni nzima. Kubadilisha jina la kigeu, kunakili kundi la matukio kwenda hatua nyingine kisha kusahau kurekebisha nakala moja, haya ndiyo yanayowachosha watu wakasema zana ni mbaya. Mara nyingi zana haina kosa. GDevelop na Construct zina makundi, kazi zinazoitwa mara nyingi (vipande unavyovitunga mara moja na kuvitumia popote) na uwezo wa kujitungia tabia zako, na anayezitumia mapema husafiri mbali. Shida ni kwamba mwanzo rahisi haumlazimishi mtu kujifunza nidhamu hiyo, na wakati inapohitajika kazi imeshavurugika.

Ushahidi kwamba inawezekana upo. Hollow Knight ya Team Cherry wa Adelaide, Australia, iliyotoka 2017, ilijengwa ndani ya Unity huku sehemu kubwa ya tabia za maadui na mambo mengine ikiendeshwa na PlayMaker, chombo cha kuunganisha vijumba kwa mishale badala ya kuandika. Ni gemu kubwa kwa kipimo chochote.

Msimbo nao si dawa ya vurugu. Anayeanza akiandika faili moja la mistari elfu mbili atapotea humo sawasawa na yule wa bloku. Anachopata ni vifaa vya kujinasua: kutafuta neno kwenye mradi mzima, kubadilisha jina mahali pote kwa mara moja, na hasa Git, programu ya kutunza historia ya kazi, inayokuwezesha kurudi kwenye kazi ya juzi iliyokuwa haijaharibika. Kwa kazi ya watu wawili tofauti ni kubwa zaidi. Maandishi ya watu wawili huunganishwa mstari kwa mstari. Mradi wa Scratch ni faili moja, na mkifanya kazi kwa pamoja kwenye nakala mbili, mmoja atalazimika kurudia ya kwake. GDevelop inaruhusu kuugawa mradi katika mafaili kadhaa, jambo linalosaidia, ila bado si laini kama maandishi.

Kama mko kikundi cha chuo, mkiwa wanne na kompyuta tofauti, kigezo hiki kipeni uzito mkubwa kuliko mnavyodhani.

Lugha na msaada

Scratch ina Kiswahili. Unabadilisha kwenye mipangilio na bloku zote zinakuja kwa lugha yetu. Mtoto anayejifunza sharti na kitanzi kwa lugha anayoiota usiku ana mzigo mmoja pungufu, na walimu wa shule za msingi walitumie hili bila kusita. Faida nyingine ya bloku ni kwamba zina maumbo: isiyostahili kuingia mahali haiingii. Makosa ya tahajia hayapo. Yanabaki makosa ya mawazo tu, na hayo ndiyo yenye mafunzo.

Msimbo una maneno yake ya Kiingereza, lakini ni machache na yanajirudia. Majina mengine yote, kama ulivyoona kwenye bao hapo juu, unaweza kuyatunga kwa Kiswahili. Kinachoumiza ni ujumbe wa hitilafu, unaokuja kwa Kiingereza kigumu kwa sababu tu umesahau nukta pacha. Kuusoma ujumbe huo kwa utulivu, kuanzia namba ya mstari, ni ustadi wa kujifunza kama mwingine wowote.

Ukikwama, aliyeandika ana wepesi mmoja wa kweli: ananakili mistari yake, anaibandika kwenye kundi la WhatsApp au kwa msaidizi wa akili bandia, na mwingine anaijaribu kwenye mashine yake. Wa bloku hutuma picha ya skrini, na picha moja haitoshi mnyororo mzima.

Fedha na leseni

Scratch ni bure. GDevelop ni ya chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na unaweza kuitumia bure, ila kujengewa faili la Android kwenye seva zao kuna kikomo kwa akaunti ya bure. Construct 3 inakupa toleo la bure lenye kikomo cha idadi ya matukio, na ukitaka zaidi unalipa ada ya kujiandikisha. GameMaker, zana nyingine ya gemu, tangu Novemba 2023 ni bure kwa asiyeuza, na anayetaka kuuza kwa kompyuta na simu hulipa mara moja dola 99.99.

Godot, LÖVE na Pygame ni bure na chanzo huria, na hakuna anayekuja kudai asilimia siku gemu yako ikiuza. Hapo upande wa kuandika una nafuu ya wazi kwa mtu ambaye kadi ya benki ya kulipia mtandaoni ni shida kuipata.

Gharama za dukani haziangalii umetumia njia gani. Google Play ni dola 25 mara moja, na akaunti mpya ya mtu binafsi inatakiwa kwanza kuwa na wajaribu 12 waliojiunga kuijaribu programu kwa siku 14 mfululizo, kwa hiyo anza kuwaandaa ndugu na marafiki mapema. Apple ni dola 99 kila mwaka. Steam, duka la gemu za kompyuta, ni dola 100 kwa kila gemu. Kwa gemu ya kwanza ningeipeleka itch.io, ambako kupandisha ni bure, na gemu ya kivinjari huchezwa hapohapo bila mtu kupakua. Scratch yenyewe haikupi faili la kupeleka Play Store. Kama duka ndilo lengo lako, anza na GDevelop au Construct.

Kinachobaki ukiihama zana

Zana hufa, au hubadilika mkononi mwa wenyewe. Adobe iliizima Flash, programu yake ya kuendesha gemu na katuni kwenye kivinjari, mwisho wa Desemba 2020, na maelfu ya gemu za kivinjari zikakosa pa kuchezwa. Septemba 2023 Unity ilitangaza ada kwa kila gemu inaposakinishwa, watengenezaji wakapinga kwa nguvu, na mwaka mmoja baadaye ada hiyo ikafutwa, lakini wengi walikuwa wameshahama. Na Godot, iliyokuwa na njia yake ya kuprogramu kwa michoro, iliiondoa kwenye toleo la 4 mwaka 2023 kwa sababu watumiaji wake walikuwa wachache. Aliyekuwa amejenga mradi wake humo alibaki na toleo la zamani au kazi ya kuanza upya.

Anayejua C#, Python au JavaScript akihama, anahama na lugha. Lugha hizo zinamfungulia pia kazi za nje ya gemu, na tuseme ukweli, Dar es Salaam na Nairobi ajira za tovuti, mifumo ya malipo na programu za simu ni nyingi kuliko ajira za gemu. GDScript haina bahati hiyo, inaishi ndani ya Godot tu, ingawa aliyeizoea hasumbuki sana kwenda Python. Wesley Kirinya wa Kenya, aliyetoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007 kwa kuandika programu, baadaye alishirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha kampuni ya gemu ya Leti Arts. Ujuzi ulihama naye kutoka mradi hadi mradi.

Aliyeburuta naye habaki mikono mitupu. Kupanga hatua, kupima ugumu, kujua mchezaji atachoka wapi, kumaliza kitu na kukipeleka kwa watu, hayo hayamo kwenye lugha yoyote ya kompyuta, na kuna waandishi wa msimbo wa miaka mingi ambao hawajawahi kumaliza hata gemu moja. Ila mafaili yake hayahami.

Uende wapi, kwa hali yako

Una simu tu: GDevelop ya Android, gemu ya migongano, ndogo. Kompyuta ikipatikana utaamua upya.

Wewe ni mwalimu wa shule ya msingi: Scratch ya kusakinisha, kwa Kiswahili, watoto wawiliwawili kwa kompyuta. Wakubwa wakianza kulalamika kwamba mnyororo umekuwa mrefu, hao wameiva kwa Python. Kwa Kenya njia iko wazi zaidi, kwa kuwa KICD, taasisi ya mitaala ya nchi hiyo, iliidhinisha mwaka 2022 mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari.

Wewe ni mchoraji, mtunzi wa hadithi au mwanamuziki, na msimbo hukuuota kamwe: buruta, na usimruhusu mtu akutie haya. RPG Maker kama ni hadithi, Construct au GDevelop kama ni vitendo. Jifunze tu makundi na kazi zinazoitwa tena kabla karatasi yako ya matukio haijafika mia.

Unataka ajira ya programu, na gemu ni mlango wa kukuvutia: andika. Python na Pygame kama mashine ni dhaifu, au JavaScript ili kila unachotengeneza kifunguke kwenye simu ya rafiki kwa kiungo tu. Vumilia wiki zile za mraba unaosogea.

Gemu yako ni ya kanuni, iwe bao, karata, drafti au biashara ya kuiga: andika, hata kama itakuchelewesha, kwa sababu bloku zitakuchelewesha zaidi baadaye. Stardew Valley, gemu ya shamba iliyojaa mifumo inayotegemeana, ilimchukua Eric Barone zaidi ya miaka minne peke yake kwa C#, kwa hiyo punguza ukubwa wa wazo lako kabla hujaanza.

Una muda wa usiku tu na unaogopa kuishia njiani: anza na zana yenye milango yote miwili. GameMaker ina bloku na lugha yake ndani ya dirisha moja. Construct na GDevelop zinapokea JavaScript pale matukio yanaposhindwa. Utaburuta sehemu kubwa na kuandika kipande kimoja kigumu, na kila gemu mpya kipande hicho kitakua.

Na kama bado umekwama baada ya haya yote, usichague kwa kusoma zaidi. Chukua kanuni moja iliyo ngumu kuliko zote kwenye gemu unayoiwaza, si menyu, si mhusika kutembea, ile kanuni yenyewe. Ijaribu kwenye GDevelop Jumamosi na kwenye Godot Jumapili, bila picha, kwa miraba mitupu. Jumapili jioni angalia ni faili lipi unatamani kulifungua tena Jumatatu.